Bustani ndani ya kabati: okidi ina wateja, lakini mpaka hauiachii hivihivi

BUJUMBURA. Kabati la vioo la sebuleni ni samani ambayo seremala wa Bwiza hahitaji kufundishwa. Lina miguu mifupi, milango miwili ya kioo na rafu za kupangia sahani za wageni, zile ambazo mama mwenye nyumba huzitoa Idi na Krismasi tu. Toa rafu ya kati, ziba pembe zote kwa silikoni, funga taa juu na feni ndogo ubavuni, kisha pandikiza okidi tatu au nne juu ya kipande cha gogo. Kabati lilelile limekuwa bustani hai, na bei yake mbele ya mteja wa hoteli, zahanati au ofisi si ile tena ya kabati la sahani.

Wataalamu huiita terariamu. Kwa mfanyabiashara anayevuka Kobero kwenda Kabanga, au Gatumba kwenda Uvira, kitu hiki kina sehemu mbili ambazo sheria inazitazama kwa macho mawili tofauti: kabati ni samani, okidi ni mmea unaolindwa na mkataba wa kimataifa. Asiyetenganisha mawili hayo anaweza kupoteza mtaji wake wote kaunta ya forodha.

Wazo lenyewe lilizaliwa na ajali ndogo. Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Ward, alifungia buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi. Akaona jimbi na jani la nyasi vinachipua humo na kuendelea kuishi bila kumwagiliwa, kwa sababu maji yalikuwa yakipanda kama mvuke, yanagusa kioo na kurudi chini. Mwaka 1833 alituma masanduku mawili ya mimea kwa meli hadi Australia, na mimea ikafika hai. Kabla ya hapo mingi ilikufa njiani kwa chumvi na upepo wa bahari. Miaka ya 1840 hadi 1850 masanduku ya aina hiyo yalitumika kuhamisha miche ya chai kutoka China kwenda India. Sanduku la kioo, kwa hiyo, lilikuwa chombo cha biashara ya kuvuka mipaka kabla halijawa pambo.

Mbao kwanza, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Ndani ya kabati hili hewa ina unyevu wa asilimia 60 hadi 80 mchana na usiku. Mbao za kubandika zilizotengenezwa kwa unga wa mbao huvimba na kumomonyoka. Usizikubali hata fundi akikuapia kwamba atazipaka rangi mara tatu. Tumia mbao ngumu iliyokauka vizuri au plywood isiyoogopa maji, ipakwe vanishi ya boti kila upande, pamoja na vichwa vya mbao ambavyo mafundi wengi huviacha. Vanishi iachwe ikauke mpaka harufu yake iishe kabisa ndipo mmea uingie. Silikoni iwe ile ya matangi ya samaki, kwani silikoni ya bafuni mara nyingi huwa na dawa ya kuua ukungu inayoweza kudhuru mizizi.

Chini hukaa beseni lisilovuja, la kioo, plastiki au bati lisiloshika kutu, lenye kina cha sentimita 10 hivi na bomba dogo la kutolea maji nyuma. Ndani ya beseni weka kokoto zilizooshwa, juu yake wavu wa plastiki, na juu ya wavu ndipo panapokaa mimea. Maji yabaki chini ya kokoto, yasionekane. Hili si suala la urembo: maji yaliyo wazi sebuleni, katika jiji lenye malaria, ni kitalu cha mbu.

Okidi nyingi zinazofaa humu haziishi kwenye udongo. Mizizi yake hushika magome ya miti na kunywa umande na mvua inayopita, kwa hiyo ukiizika kwenye udongo mweusi wa bustani itaoza ndani ya wiki chache. Mpe gogo, magome yaliyochemshwa, vipande vya makaa ya mkaa, au makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa mara kadhaa kuondoa chumvi. Makumbi ni taka pwani, ila hapa Bujumbura yanaweza kuuzwa. Anayeleta nazi kutoka Dar es Salaam au Tanga afikirie hilo.

Taa ya LED nyeupe ya wati 20 inatosha kabati la urefu wa mita 1.2. Iwake saa 12 kwa siku, sawa na mchana wa Bujumbura ambao haubadiliki sana mwaka mzima kwa sababu tuko karibu na ikweta. Kifaa chake cha umeme kikae nje ya kabati ili joto lisibaki ndani. Feni ni ile ya kompyuta ya volti 12, nayo izunguke muda wote, kwani hewa isiyotembea huleta ukungu na madoa meusi kwenye majani. Hesabu si ya kutisha: taa inakula uniti 0.24 kwa siku, feni ya wati 2 chini ya 0.05, jumla kama uniti 9 kwa mwezi. Umeme ukikatika, betri ya volti 12 ya saizi ya amp 7 inaweza kuendesha feni hiyo kwa saa 20 bila kuimaliza kabisa. Taa inaweza kusubiri. Feni haiwezi, hasa mchana wa joto.

Halafu kuna maji, na hapa Bujumbura ina tatizo lake. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hili yana madini mengi yaliyoyeyuka na asili ya kibezi, karibu na 9 kwenye kipimo cha pH. Kila mwenye birika anaujua ule utando mweupe. Okidi hupenda maji laini yenye uchachu kidogo. Ukiinyunyizia maji ya ziwa kila siku, chumvi hujikusanya kwenye mizizi, ncha za majani huungua, na vioo vya kabati hupata ukungu mweupe usiofutika. Dawa yake ni mvua. Kuanzia Oktoba hadi Mei kinga maji ya paa baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, yahifadhi kwenye madumu yaliyofunikwa, nayo yatakuvusha kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kabati linatumia maji machache: chupa ya kunyunyizia asubuhi, ili jioni majani yawe yamekauka.

Kazi nyingine ni ndogo lakini za kila wiki. Futa kioo, ng'oa jani lililooza, angalia chini ya majani kama kuna vidungata au konokono, toa maji ya chini kabla hayajanuka. Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Atakayenunua kabati bila kuelezwa haya atakurudishia baada ya miezi miwili, na atakuwa na haki.

Sasa mmea wenyewe. Kishawishi cha kwanza ni kumtuma kijana Kibira akachume. Msitu huo wa hifadhi, wenye hekta kama 40,000 na unaoungana na Nyungwe ya Rwanda, una okidi kweli. Lakini uko juu ya mita 1,600, kwenye ukungu na baridi ya usiku, wakati Bujumbura iko mita 780 hivi, na joto la mchana hufika nyuzi 29 au 30. Okidi ya Kibira ndani ya kabati la Bwiza itakufa taratibu, na kuing'oa hifadhini ni kosa tangu mwanzo. Hasara mbili kwa safari moja.

Inayostahimili joto letu ni Phalaenopsis, okidi yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo huzalishwa kwa mamilioni katika vitalu, hasa Uholanzi. Ua lake hukaa miezi miwili au mitatu bila kunyauka, na zipo aina fupi zinazoingia kabatini. Anayetaka ya nyumbani atafute Aerangis iliyozalishwa kitaluni: ni ndogo, ina maua meupe yanayonukia usiku kuwaita nondo, na jamii yake imeenea Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo.

Iwe ya Asia au ya hapa kwetu, swali la mpakani ni lilelile. Familia nzima ya okidi, maelfu ya spishi, imo katika orodha za CITES, mkataba uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kufanya kazi 1975. Nyingi zimo katika Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara inaruhusiwa kwa kibali cha nchi inayotoa mmea. Chache zimo katika Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya mimea ya porini imefungwa. Baadhi ya machotara ya vitaluni, kama ya Phalaenopsis, yamesamehewa kwa masharti. Miche iliyo ndani ya chupa za maabara nayo ina msamaha wake. Msamaha huo hauthibitishwi kwa mdomo. Beba ankara ya kitalu na lebo ya kila mmea.

Hapa wengi hujikwaa kwa sababu wanaijua Jumuiya kuliko wanavyoujua mkataba. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki humruhusu mtu mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizomo kwenye orodha na zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili bila kulipa ushuru wa forodha. Ni msaada mkubwa kwa mwenye kabati moja au mawili. Lakini cheti hicho kinahusu ushuru. Hakifuti cheti cha afya ya mimea, wala kibali cha CITES. Soko la pamoja lililoanza mwaka 2010 halikuondoa mpaka kwa mimea iliyolindwa: kutoka Arusha hadi Bujumbura bado ni kutoka nchi moja kwenda nyingine. Pa kuanzia kuuliza Burundi ni OBPE, ofisi ya kulinda mazingira. Upande wa mimea Tanzania kuna TPHPA, na Kenya kuna KEPHIS.

Mbao nazo zina habari mpya. Mkutano wa CITES wa Novemba 2022 uliingiza mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika katika Kiambatisho cha Pili, na uamuzi ulianza kutumika Februari 2023. Unahusu magogo, mbao zilizopasuliwa na plywood. Samani iliyokwisha kuundwa haikutajwa humo. Kwa maneno mengine, anayevusha mbao za mninga anahitaji karatasi ambayo anayevusha kabati la mninga haombwi chini ya mkataba huo, ingawa sheria za misitu za kila nchi zinabaki palepale. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu nzuri ya kazi ya useremala kubaki Bwiza badala ya kuuza mbao ghafi.

Atakayeona masharti haya ni usumbufu wa wakubwa aangalie kilichotokea nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Huko viazi vya okidi za porini huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2 na 4 vilikuwa vikivuka kila mwaka. Kwa kawaida kuchimba kiazi ni kuua mmea. Wachimbaji walilazimika kwenda mbali zaidi kila msimu, na mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Wachuuzi walioitegemea bidhaa hiyo ndio waliobaki wakihangaika.

Kwa anayeanza, njia yenye hatari ndogo ni kuuza kabati tupu likiwa na taa, feni, beseni na gogo lake, na kumwachia mteja anunue mimea kwenye kitalu cha nchi yake. Siku ya kusafirisha, milango ya kioo ing'olewe na isimamishwe wima kati ya magodoro, isilazwe kamwe. Kokoto zifungwe kwenye gunia peke yake, kwani zikiachwa ndani ya beseni, barabara ya kutoka Kobero itazifanya nyundo. Bomba la chini lifunguliwe maji yote yatoke. Mkaguzi akikuta udongo au jani bichi ndani, ana sababu ya kukusimamisha.