Kikiteleza, Kitaishia Wapi?

Wanangu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia habari za kisu cha kukunja, kile kidogo kinachouzwa sokoni Kitale kikiwa kimepangwa juu ya gunia pamoja na tochi, kufuli na mikasi ya kucha. Mtoto akipita hapo hukitazama mara mbili. Kinapendeza, kinaingia mfukoni, na ukikifungua kinalia "tak!" Sauti hiyo imewadanganya wengi. Mtu akiisikia hudhani kisu kimekaza na hakiwezi kurudi, kumbe hakuna kitu kilichokifunga.

Kisu cha jikoni hakina siri. Chuma kimezama ndani ya mpini na hakitoki. Kisu cha kukunja kina bawaba, na mgongoni mwa mpini kuna springi bapa ya chuma. Kazi ya springi hiyo ni kukandamiza kitako cha bapa lenye makali, basi. Ukikifungua kisu, springi inakishikilia kidogo. Bapa likisukumwa kwa nguvu kuelekea upande wa kufungia, springi inaachia, na bapa linarudi kwenye mfuo wake ndani ya mpini. Sasa jiulizeni: mtu akishika kisu, vidole vyake hukaa upande gani wa mpini? Upande uleule wenye mfuo.

Hata mafundi wakubwa walichukua muda kulitatua jambo hili. Mwaka 1890 kijana wa miaka 18, Joseph Opinel, alitengeneza kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao huko Savoie, milimani Ufaransa. Kisu hicho kinauzwa mpaka leo. Lakini kwa miaka 65 hakikuwa na kitu cha kukizuia kisijifunge mkononi. Mwaka 1955 ndipo ilipoongezwa pete ya chuma shingoni mwa mpini; ukiizungusha, bapa haliwezi kurudi. Visu vingi vya bei nafuu tunavyovikuta sokoni havina pete wala kizuizi chochote. Vina springi tu.

Haya, hadithi yenyewe. Paukwa? Nimesikia, pakawa.

Paliondokea mvulana wa Gredi ya Saba, mkaazi wa Kitale. Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti alipanda matatu, akapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, akashuka Bungoma kwenda kwa nyanya yake, upande wa Bukembe kwenye mashamba ya miwa. Wabukusu humwita nyanya kukhu, nasi tutamwita hivyo. Mfukoni mwa mvulana mlikuwa na kisu kipya cha kukunja, na nyumbani hakuna aliyejua.

Siku iliyofuata yeye na binamu yake, msichana wa rika lake, walikaa nyuma ya ghala kutengeneza manati, au feya kama wenyewe walivyoiita. Panda la mpera walikuwa wameshalikata na kulikwangua ganda. Mipira ya tyubu ya baiskeli ilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kipande cha ngozi cha kuwekea jiwe, walichokitoa kwenye ulimi wa kiatu kikuukuu, na ngozi hiyo ilihitaji matundu mawili.

Mvulana aliilaza ngozi juu ya kisiki, akasimamisha ncha ya kisu, akakandamiza. Ngozi ilikuwa ngumu. Ncha iliingia kidogo ikakwama. Akakaza ngumi kwenye mpini, akaegemeza uzito wa bega, kisha akaupinda mpini kwa mbele ili tundu lipanuke. Tazameni hapo vizuri. Ncha imeshikwa na ngozi, haiendi popote. Mpini ndio unaosukumwa. Springi ikaachia, bapa likajikunja kuelekea mpini, na katikati ya bapa na mpini palikuwa na kidole cha shahada.

Damu ilitoka, lakini si nyingi, na hilo ndilo lililowaponza. Mvulana alikandamiza kwa leso mpaka ikakoma, akatazama, akaona mstari mwembamba tu ulionyooka, upande wa kiganja, chini kidogo ya kifundo cha kati. "Usimwambie kukhu," alimwomba binamu yake. Wakatafuta plasta, wakafunga. Kukhu alipouliza, akaambiwa ni mwiba.

Jioni wakaletewa ugali na mboga za saga. Mvulana akanawa, akamega tonge. Ninyi mnajua tonge linavyofinyangwa: vidole vinajikunja vyote, kidole gumba kinabonyeza katikati. Vyake vilijikunja vitatu. Kidole cha shahada kilibaki kimenyooka, kikielekea kwenye taa.

Kukhu akaweka sahani chini. "Hebu kikunje hicho kidole."

"Kimechoka, kukhu."

"Kidole hakichoki peke yake. Lete mkono."

Akaufunua. Akamshika kidole katikati, akamwambia akunje kucha tu. Kucha haikusogea. Akamgusa ubavuni mwa ncha ya kidole kwa unyasi, akamwuliza anasikia nini. Hakusikia kitu. Kukhu hakuwahi kusomea udaktari, ila alikuwa ameona mikono mingi ya wakata miwa, na alijua kuwa hilo si jambo la plasta.

Niwaambie alichokijua. Vidole vyetu havina misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko kwenye mkono, chini ya kiwiko. Kunja na kukunjua vidole vyako sasa hivi huku umeushika mkono hapo, utaihisi ikicheza. Kutoka kwenye misuli zinashuka kano, zinapita kwenye kiganja, zinaingia vidoleni kwa ndani. Zinafanya kazi kama waya wa breki ya baiskeli: unavuta huku, kitu kinasogea kule. Kila kidole, isipokuwa gumba, kina kano mbili za kukikunja, moja ya kifundo cha kati na nyingine ya kifundo cha mwisho. Pembeni mwa kano hizo, kulia na kushoto, hupita neva na mishipa ya damu. Vyote hivyo vimelala karibu sana na ngozi. Bapa linalojikunja kwa nguvu ya bega linaweza kuvifikia hata kama jeraha lenyewe ni dogo kiasi hicho.

Na kano ikikatika haijiungi yenyewe ukiiacha. Msuli unaendelea kuvuta, ile ncha iliyokatika inarudi nyuma kuelekea kiganjani, na pengo linabaki. Ngozi ya juu itapona vizuri, mtu atasema amepona, lakini kidole hakitajikunja tena. Lazima daktari wa upasuaji afungue, azitafute ncha mbili, azishone. Kazi hiyo hufanywa vyema zaidi siku za mwanzo. Zikipita wiki kadhaa, kano imeshafupika na kushikamana na nyama za jirani, na upasuaji unakuwa mgumu zaidi.

Mvulana wetu alibahatika kwa sababu ya tonge lile. Kesho yake alfajiri kukhu alimpeleka hospitali mjini Bungoma, wakampeleka mbele hadi Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, akashonwa kano na neva. Kisha yakaja ambayo watoto hawayatarajii. Kwa wiki sita mkono ulifungwa kwenye kifaa cha kuuweka umepinda, ili kano isivutwe. Kila siku alifanya mazoezi ya kidole kama alivyoelekezwa, wala si kwa kujipangia. Kubeba ndoo ya maji au kushika jembe alikatazwa kwa karibu miezi mitatu. Muhula ulipoanza aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na kule. Ganzi ya ncha ya kidole ilichelewa sana kuondoka, kwa maana neva humea polepole, kama milimita moja kwa siku.

Hapa nina neno na wazazi wanaosoma kando ya watoto wao. Mtoto yule alificha jeraha kwa sababu alikiogopa kiboko kuliko alivyoogopa kidole chake. Alihesabu: kisu kimekatazwa, nimejikata, nitachapwa, basi bora ninyamaze. Nimeona watoto wengi wakipiga hesabu hiyo, na inanichoma moyo, maana saa zinazopotea wakati mtoto anajificha ndizo saa ambazo daktari anazihitaji. Kukhu hakuuliza kisu kilitoka wapi mpaka waliporudi kutoka Eldoret. Watoto wajue tangu mapema, waambiwe kwa mdomo, kwamba mwenye damu mkononi haulizwi makosa.

Nanyi wanangu, mkijikata, fanyeni hivi. Wekeni kisu chini, mbali na watoto wadogo. Kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, mkono umeinuliwa juu, kwa dakika kumi bila kufunuafunua. Ukifunua kila mara kuchungulia, unaing'oa damu iliyoanza kuganda. Mkiwa mnakandamiza, iteni mtu mzima kwa sauti. Damu ikikoma, osheni kwa maji safi yanayotiririka, mengi, halafu funikeni. Damu isipokoma, jeraha likiwa wazi kama mdomo, kidole kikikataa kujikunja au kunyooka, au kikiwa na ganzi, safari ni ya hospitali siku hiyohiyo. Msifunge kamba ya kukaza kidole; inazuia damu kufika kwenye nyama inayoihitaji.

Jirani atakuja na mafuta ya taa. Mwingine ataleta unga wa kahawa, mwingine majivu, mwingine udongo. Wanakuja kwa upendo, washukuruni, lakini msiviweke. Kwenye udongo na samadi huishi vijidudu vya pepopunda, vinaweza kukaa humo miaka, na vikiingia kwenye jeraha refu lisilo na hewa vinatoa sumu inayokaza misuli ya mwili mzima, kuanzia taya. Watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya pepopunda wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ila kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ndiyo maana muuguzi atauliza chanjo ya mwisho ilikuwa lini, na huenda akakuchoma sindano nyingine.

Sasa turudi nyuma, kwenye kile kisiki, kabla ya damu. Kuna swali moja ambalo lingekiokoa kidole kile: kisu kikiteleza, kitaishia wapi? Uliza kabla ya kukata, kila mara. Ukiona jibu ni kidole, paja, goti au mwenzako, geuza kazi kwanza. Mvulana angelijiuliza, angeliona kuwa kisu cha kukunja si chombo cha kutobolea. Matundu ya ngozi hutobolewa kwa msumari na nyundo, au kwa sindano ya fundi viatu, na fundi viatu hakosekani sokoni.

Maskauti wana desturi nzuri. Kabla ya kufungua kisu, skauti anakishika kikiwa kimefungwa, ananyoosha mkono, anageuka akichora duara hewani. Yeyote aliye ndani ya duara hilo asogee. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, alizikwa hapa kwetu Kenya, Nyeri, mwaka 1941, na maskauti husafiri kwenda kulitembelea kaburi lake. Binamu yule wa hadithi yetu alikuwa ameinama sentimita chache kutoka kwenye kisu, akiishikilia ngozi isisogee. Ni bahati tu kwamba hakukatwa yeye.

Kisha kuna ubutu. Watu wazima wengi humpa mtoto kisu butu wakidhani wamemkinga. Kisu butu hakiingii, kinaomba nguvu, na nguvu ndiyo inayokirusha kinapoteleza. Wazee wa Kibukusu husimulia habari za shujaa Mango, aliyelivizia pangoni joka lililoitwa Yabebe. Wapo wasimuliaji wanaosema kwamba alinoa kwanza, kisha akasubiri, kisha akapiga mara moja. Vivyo hivyo leo, kila mwaka wa shufwa ukifika Agosti, vijana wa Bungoma wanapotahiriwa, kisu cha omukhebi, yaani ngariba, hunolewa kwa uangalifu mkubwa, na hakuna anayekigeuza kuwa cha kuchongea vijiti. Chenu ni kidogo, lakini nacho kinataka mtu mzima anayejua kunoa.

Ovakado nalo liogopeni kuliko linavyoonekana. Kitale inajaa ovakado, na mtoto hulishika tunda kiganjani, akachoma kokwa kwa ncha ili alitoe. Kokwa linateleza, ncha inapita, kiganja kipo chini. Madaktari wa Ulaya na Marekani wameyaona majeraha hayo mara nyingi hadi wakayapa jina la tunda lenyewe. Liweke ovakado mezani, lizungushie makali, lipasue kwa kulizungusha kwa mikono, kokwa litoe kwa kijiko.

Nimeacha muwa mwisho kwa kuwa najua Bungoma hakuna atakayeacha kuula. Ganda la muwa ni laini na lina utelezi, kisu kinateremka vizuri kwenye pingili, halafu kinafika kwenye fundo na kusimama ghafla. Hapo mtu hukasirika, anaongeza nguvu, kisu kinaruka fundo na kutua kwenye mkono ulioushika muwa. Kwa hiyo simamisha muwa juu ya ubao au kisiki, ushike juu, kisu kiwe chini ya mkono wako daima, na umenye kwa kushuka, kuelekea ubaoni. Kaa ukiwa umepanua miguu ili paja lisiwe njiani. Ukifika kwenye fundo acha, inua kisu, anza upya chini yake. Mafundo yenyewe mwachie mtu mzima mwenye panga ayakate, nanyi mkae hatua kadhaa nyuma yake mkisubiri pingili.