Kila Mbabe na Mbishi Wake

Jumapili ya tarehe 8 Juni 2025, Lizaboni ilipigwa na ile baridi ya Songea ambayo inamfanya mwana wa boda avae koti juu ya koti na bado atetemeke. Kibanda umiza kilijaa mapema kwa sababu moja tu: saa nne usiku Ureno walikuwa wanakipiga na Hispania, fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, na Ronaldo yumo. Watu wa Ronaldo hawanaga utani. Walishalipa jero zao jua halijazama, ili benchi la mbele lisiwapite.

Ila kwenye skrini kulikuwa na kitu kingine kabisa. Wachizi wawili, uwanja wa udongo mwekundu kama barabara ya kwenda mashambani kwetu, na kipira cha njano kinapita juu ya wavu kama risasi. Fainali ya Roland Garros, Paris. Huku Carlos Alcaraz wa Hispania, miaka 22. Kule Jannik Sinner wa Italia, miaka 23.

"Mzee, hamisha hiyo kitu, weka hata singeli!" mshkaji mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Dogo, tulia. Mpira bado," mwenye kibanda akamjibu, na rimoti akaikalia.

Ngoma ilianza saa kumi jioni. Kufika kama saa mbili usiku, Sinner anaongoza seti mbili kwa moja, seti ya nne ana gemu 5 kwa 3, na Alcaraz anasevu akiwa sifuri kwa 40. Kwa lugha ya kitaa: Sinner anahitaji pointi moja tu abebe kombe, na hiyo pointi moja ana nafasi tatu za kuipata mfululizo. Alcaraz akaifuta ya kwanza. Akaifuta ya pili. Ya tatu nayo akaifuta. Kibanda kizima kimya, unasikia jenereta ya jirani tu. Akabeba hiyo gemu, akabeba hiyo seti, akamburuza mwenzake mpaka seti ya tano, kisha kwenye taibreka ya mwisho akamkalisha 10 kwa 2. Walicheza kwa masaa matano na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote katika historia ya Roland Garros. Yule aliyetaka singeli alikuwa amesimama juu ya benchi, mikono kichwani, na Ronaldo hata hamkumbuki.

Mimi nilitoka pale nimedata. Mpaka leo sijapona.

Kesho yake kijiweni ubishi ukawaka. Wana wakaanza kumchambua Sinner: jamaa amevurunda, jamaa hana roho, ukipewa nafasi tatu ukashindwa umekwisha. Mimi nikakaza shingo: huyu hajaisha, tusubiri. Zikapita wiki tano tu. Tarehe 13 Julai, fainali ya Wimbledon, wawili wale wale, uwanja wa nyasi. Sinner akapoteza seti ya kwanza, akashinda tatu zilizofuata, akabeba. Septemba wakakutana tena New York, safari hii Alcaraz akamchapa akaondoka na US Open. Ukijumlisha mwaka 2024 na 2025, mataji makubwa, yaani ya Grand Slam, ni 8, na wawili hawa waliyagawana yote: manne ya Sinner, manne ya Alcaraz. Mwingine yeyote hakuambulia kitu.

Hesabu hii Mbongo haimpi shida. Ni Simba na Yanga kabisa. Mnyama alibeba ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 mpaka 2020/21. Wananchi wakaamka, nao wakabeba mara nne mfululizo, 2021/22 mpaka 2024/25. Muulize shabiki yeyote wa kweli: miaka ile minne ya Simba ndiyo iliyomfanya Yanga achanganyikiwe, asajili, apange, ajipange. Maumivu ya jirani ndiyo yaliyomjenga. Ndicho nachotaka kusema leo, na nakisema kwa moyo wote: ubabe hauoti mahali ambapo mtu yuko peke yake. Nyuma ya kila mbabe kuna mbishi mmoja anayemnyima usingizi.

Kwenye tenisi ushahidi umejaa. Roger Federer alikuwa mfalme wa nyasi za Wimbledon, mataji matano mfululizo, mpaka Rafael Nadal alipomng'oa tarehe 6 Julai 2008 kwenye seti ya tano, gemu 9 kwa 7, giza limeshaingia London. Walikutana mara 40, Nadal akashinda 24. Halafu akaja Novak Djokovic, akawakuta wawili wanapigana, akaamua kuwapiga wote: kwa Federer 27 kwa 23, kwa Nadal 31 kwa 29. Angalia hizo namba vizuri. Nadal na Djokovic walikutana mara 60, na tofauti ni mechi mbili! Leo Djokovic ana mataji makubwa 24, Nadal 22, Federer 20. Siamini kama hata mmoja wao angefika 20 bila wengine wawili kumkimbiza. Na usiku Federer alipostaafu, Septemba 2022 pale London, alicheza mechi yake ya mwisho upande mmoja na Nadal, kisha wakakaa benchi moja, wanalia, wameshikana mikono. Miaka kumi na nane ya kuviziana, mwisho wake ule.

Wanawake ndio wametisha zaidi. Chris Evert na Martina Navratilova walikutana mara 80. Themanini! Navratilova akashinda 43, Evert 37, na kila mmoja akamaliza na mataji makubwa 18 ya mchezaji mmoja mmoja. Ngoma droo.

Sawa, hao ni wa mbali. Sasa njoo kwetu, maana kuna stori ya Afrika Mashariki ambayo kitaani hatuipigii kelele inavyostahili, na kwangu mimi ni tamu kuliko ya Paris.

Julai 2022, Wimbledon hiyohiyo, fainali ya wasichana wasiozidi miaka 18, wawili kwa wawili. Upande mmoja yupo Angella Okutoyi wa Nairobi, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza Wakanada wanachukua 6 kwa 3. Ya pili Okutoyi na mwenzake wanachukua 6 kwa 4. Inabaki taibreka ya pointi 10, na inaenda mpaka 11 kwa 9. Angella anakuwa Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam la vijana. Pointi mbili tu ndizo zilizowatenganisha.

Huyu binti hakuzaliwa kwenye mserereko. Alizaliwa pacha mwaka 2004, mama yao akafariki wakati wa kujifungua, bibi yao ndiye aliyewalea. Na huyo pacha wake, Roselida, naye alishika raketi. Unanisoma? Mbishi wake wa kwanza alilelewa naye pamoja. Ni stori ileile ya Venus na Serena Williams kule Compton, dada anampiga mdogo mpaka mdogo anaota pembe.

Sasa mtazame Mboko. Jina lenyewe linakwambia: wazazi wake wametoka Kongo. Yeye alizaliwa Marekani, akakulia Kanada, mtoto wa mwisho kati ya wanne, na wakubwa zake walicheza tenisi kabla yake. Siku ya ile fainali alikuwa na miaka 15. Mwishoni mwa Julai 2025, akiwa na 18, akapewa nafasi ya upendeleo kwenye mashindano makubwa ya Montreal akiwa wa 85 duniani. Akawapita mabingwa wanne wa Grand Slam: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina, na fainali akamlaza Naomi Osaka baada ya kupoteza seti ya kwanza 6 kwa 2. Akamaliza mwaka ndani ya 20 bora duniani. Unyama mwingi.

Na Angella? Alienda kusoma na kucheza chuo cha Auburn, Marekani. Machi 2024 kwenye Michezo ya Afrika kule Accra, akamtoa njiani Mayar Sherif wa Misri, dada ambaye Afrika nzima ilikuwa inamwogopa, na fainali akampiga Mmisri mwingine. Dhahabu. Lakini Olimpiki ya Paris hakwenda. Dhahabu ile ilimfungulia mlango, ila kanuni ilidai mshindi awe pia ndani ya 400 bora duniani, na pointi zake hazikufika. Mimi hili linaniuma kuliko kufungwa kwa timu yoyote ninayoshabikia.

Maana pointi zinapatikana wapi? Hapa ndipo kitaa kinatakiwa kielewe mchezo. Kwenye tenisi nafasi yako duniani ni pointi za wiki 52, na mashindano ya chini kwa wanawake yanaitwa kwa namba: ukishinda W15 unapata pointi 15, ukishinda W35 unapata 35. Bingwa wa Grand Slam anapata 2,000. Yaani ushinde W35 mara 57, na bado hujamfikia. Kwa hiyo lazima ucheze sana, na kucheza ni nauli, hoteli, viza, kocha. Tunisia wana mji wa Monastir, Misri wana Sharm El Sheikh, na miji hiyo kwa miaka mingi imeandaa mashindano haya karibu kila wiki. Binti wa Kimisri anaamka, anaenda kucheza na Mrusi na Mfaransa nchini kwake, anapigwa Jumanne hii, anarudi Jumanne ijayo. Wabishi wanaletwa mpaka mlangoni. Na Tunisia hiyohiyo ndiyo iliyotoa Ons Jabeur, aliyefika namba 2 duniani na kucheza fainali mbili za Wimbledon, 2022 na 2023. Mboko naye mlango wake mkubwa ulifunguliwa na shindano la nyumbani kwao Kanada. Sisi huku mtoto mwenye kipaji anamaliza mwaka mzima akipiga watoto walewale watatu, na hajui kama ni mkali au wenzake ndio wabovu.

Wanaosema tenisi ni mchezo wa mabishoo nawaelewa. Raketi ni mkwanja, uwanja ni wa klabu, klabu ina geti. Lakini kipaji cha ubishi sisi tunacho, na ninakiona kila jioni. Pale kijiweni kwetu kuna ubao wa drafti, kete ni vizibo vya soda, na sheria ni moja: anayefungwa anapisha. Kuna mzee mmoja alikaa kwenye lile benchi kama mwaka, hapishi. Kila dogo aliyekaa mbele yake alimwamkia "Shikamoo mzee", akajibiwa "Marahaba, mwanangu", na dakika kumi baadaye yuko pembeni amesimama. Mpaka akatokea kijana mmoja fundi wa pikipiki. Akafungwa wiki ya kwanza, akafungwa ya pili, ya tatu akatoa droo. Siku aliyoshinda kijiwe kililipuka, boda wakapiga honi. Kilichonigusa ni kesho yake: mzee alifika asubuhi kabla ya muuza chapati, amekaa, anapanga vizibo mwenyewe, anajaribu mitego. Mwaka mzima wa kutawala hakuwahi kufanya hivyo.

"Yule dogo amekuja?" akaniuliza.

"Bado, mzee."

"Mwambie namsubiri."

Nilimwona Sinner palepale, kwenye benchi la Lizaboni, zile wiki tano kabla ya Wimbledon.

Sasa nina ombi. Lizaboni tuna madogo kibao wanaopiga chandimu kwa makaratasi na soksi mpaka giza linaingia. Macho wanayo, miguu wanayo, hasira wanazo. Kuanza hakudai nyasi za Uingereza: ukuta wa darasa, sakafu iliyosawazika, kamba katikati kama wavu. Walimu wa michezo shuleni, tengeni ukuta mmoja na nusu saa kwa siku. Halmashauri mnapopima viwanja, kumbukeni hata kiwanja kimoja cha saruji kisicho na geti. Na msimchague mtoto mmoja tu mkampa jina la kipaji maalumu akabaki peke yake. Wachukueni wawili wanaolingana, wale ambao mmoja akishinda leo mwingine halali.

Na wewe mwanetu uliye Dar, unayefanya kazi mahali penye uwanja, ambaye una raketi mbili zimelala kabatini: basi la Songea linaondoka kila siku alfajiri. Usitume moja. Zipakie zote mbili.