Tiranosaurasi na Giganotosaurasi: nani angeshinda?

Wasikilizaji wetu, kuanzia Same mjini hadi Gonja, mmetuuliza: kati ya mijusi hawa wawili wakubwa wala nyama, nani angemshinda mwenzake?

Tuanze na meno. Tiranosaurasi alikuwa na meno manene na taya za kuvunja mifupa. Giganotosaurasi alikuwa na meno membamba yenye makali, ya kuchana nyama. Wakikabiliana uso kwa uso, sisi tungempa ushindi Tiranosaurasi. Akishika shingo, mchezo umekwisha.

Lakini hawakuwahi kuonana. Giganotosaurasi aliishi Argentina, mwenzake Amerika Kaskazini, tena karibu miaka milioni 30 baadaye.

Hapa nchini je? Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mifupa kuanzia 1909 hadi 1913 wakaipeleka Berlin. Yule mjusi mrefu mnayemsikia alikula majani tu. Ila pingili za uti wa mgongo zilizotoka hukohuko zilitambuliwa mwaka 2011 kuwa za mla nyama wa ukoo wa Giganotosaurasi, aliyeishi miaka milioni 150 iliyopita.

Kwa hiyo mnaomshabikia Giganotosaurasi, ndugu yake alikuwa wa kwetu. Upareni msimtafute: miamba ya milima yetu ni ya kale kuliko dinosaria wote.