Mishipa ya moyo: piga hesabu kabla ya kuuza shamba

MKULIMA wa kahawa na migomba wa Akheri, wilayani Arumeru, akiambiwa mishipa ya moyo wake imeziba, swali la kwanza nyumbani huwa ni kiuzwe nini, ng'ombe au kipande cha shamba?

Njia ni tatu. Nafuu kwa bei ni dawa peke yake: aspirini, za kushusha lehemu na za shinikizo la damu, za kumeza kila siku. Ya pili ni kuzibua mshipa kwa puto na kuuwekea stenti. Upasuaji wa kifua ndio ghali.

Utafiti wa COURAGE wa mwaka 2007, wenye wagonjwa 2,287, ulionyesha kuwa kwa mwenye maumivu yaliyotulia, stenti juu ya dawa haikupunguza vifo wala mshtuko wa moyo. Ilipunguza maumivu tu. Aliyekwisha kupatwa na mshtuko ni habari nyingine. Huyo asisubiri mnada wa ng'ombe! Na mwenye kisukari aliyeziba mishipa kadhaa, utafiti wa mwaka 2012 uliupa upasuaji nafasi ya kwanza.

Bili haiishii hospitalini. Stenti hudai dawa mbili za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, na kuzikatiza ni hatari. Aliyepasuliwa hanyanyui mzigo mzito kwa miezi miwili au mitatu, kwa hiyo palizi ni ya kibarua.

Tangu 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imewapunguzia wengi safari ya India, lakini Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 600 kutoka Arusha. Nauli na malazi ya msindikizaji navyo viandikwe.