Kabla ya Kuhama Kampala: Vyungu Vizuri kwa Fedha Kidogo

Amri ya uhamisho haina desturi ya kumngojea mtu. Barua husomwa leo, na juma lifuatalo lori limesimama mlangoni, nyumba imejaa kamba, magunia na masanduku. Katika siku hizo sigiri hufungwa mapema, sufuria hupakiwa, na jamaa ya askari hujikuta ikila mkate mkavu na chai ndani ya jiji lililokusanya vyakula vya Uganda nzima. Jambo hilo lasikitisha, kwani safari ya kutoka Kampala kwenda Moroto si ndefu kwa kilomita tu, bali ni ndefu pia kwa sahani. Ndizi za matoke hazioti katika ukavu wa Karamoja. Hufika huko kwa lori, na mlaji ndiye hulipa nauli yake.

Basi, ndugu msomaji, yafaa jamaa inayohama itenge fedha kidogo kwa ajili ya mlo mmoja mmoja nje ya nyumba katika wiki zake za mwisho. Hatusemi hoteli kubwa zenye vitambaa mezani. Twasema vibanda na hoteli ndogo, mahali ambapo mpishi ndiye mwenye mali na ndiye mwoshaji wa sahani.

Kwanza mgeni afahamu jinsi bei inavyopangwa. Katika hoteli ndogo za Kampala aghalabu bei hufuata mchuzi. Ukichagua maharagwe au mchuzi wa njugu utalipa kidogo. Nyama itazidi, na samaki au kuku atazidi zaidi. Vile vinavyoshiba, yaani matoke, posho, wali, viazi vitamu, mihogo na boga, hupakuliwa pamoja kwa bei ileile. Mama mwenye watoto wanne hana sababu ya kuagiza sahani sita kamili. Aulize bei kabla ya kuketi, na kabla ya hilo atazame kama chakula chafuka mvuke na kama maji ya kunawa yapo. Chungu kilichopoa tangu asubuhi si rahisi kwa bei yoyote, kwani fedha iliyookolewa hapo itakwenda zahanati.

Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wakazi wengi bado huliita Owino, lina sehemu yake ya wapishi. Ni mahali pa kelele na msongamano, na watoto washikwe mikono. Lakini matoke yake hutoka katika majani ya mgomba yakiwa moto, na wateja ni wengi mno kwa chakula kulala. Anayekwenda mapema atapata katogo, yaani ndizi zilizopikwa chungu kimoja na matumbo au maharagwe, chakula cha asubuhi kwa mtu atakayebeba vitanda mchana kutwa.

Jiji lina faida nyingine ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamekwisha kuondoka. Mtu aweza kula vyakula vya mikoa minne bila kuvuka Mto Naili. Ziko hoteli ndogo za watu wa magharibi zenye kalo, ugali wa wimbi, pamoja na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wa Ankole. Wako wapishi wa kaskazini wanaopika malakwang, majani machungu kidogo yaliyokolezwa kwa njugu zilizosagwa. Wenyeji wa Bugisu nao huleta malewa, machipukizi ya mianzi kutoka Mlima Elgon. Askari anayepelekwa Gulu au Mbale angefanya vema kuonja chakula cha huko kabla hajafika, na watoto wake vilevile. Mtoto anayejua jina la chakula cha jirani hukaribishwa upesi zaidi.

Ama kuhusu Wandegeya, chini ya Chuo Kikuu cha Makerere kilichoanzishwa mwaka 1922, huko ni mahali pa jioni. Ndiko kwenye kuku wanaozungushwa ndani ya masanduku ya kioo yenye taa, hata watu wakawaita kuku wa televisheni. Ndiko pia wanafunzi wasio na fedha wala saa za kupoteza walikoipa sifa roleksi: mayai yaliyokaangwa na kabichi na nyanya, yakakunjwa ndani ya chapati. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza ya kuviringisha mayai, yaliyotamkwa harakaharaka mpaka yakafanana na saa ya Uswisi. Aliye na fedha kidogo zaidi aombe kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe. Kwa maoni yangu, jina hilo limekipa hadhi kubwa kuliko ladha yake, ila hushibisha.

Familia zilizoko Nsambya zina bahati, kwani barabara ya kwenda Ggaba haiko mbali nao. Mwisho wa barabara hiyo ni Ziwa Victoria, na hapo ngege na sangara hukaangwa mbele ya mnunuzi. Hapa pana jambo moja la heshima. Mwaka 2017 jeshi lilipelekwa ziwani kuzuia uvuvi wa samaki wachanga. Ngege asiyefika sentimeta 28 na sangara asiyefika sentimeta 50 hawaruhusiwi kuvuliwa. Haifai askari avae magwanda mchana akikamata nyavu, kisha jioni mkewe na watoto wawe wanakula wale wale wachanga mezani. Agizeni samaki mmoja mkubwa, mgawane.

Kuna chakula kimoja ambacho nashauri kisionjwe tu, bali kijifunzwe, nacho ni luwombo. Husimuliwa kwamba kilitungwa na mpishi wa Kabaka Mwanga mnamo mwaka 1887. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto hadi lilegee, uti wake ukapunguzwa pasipo kulipasua. Ndani hutiwa vipande vya kuku au nyama iliyobanikwa kidogo, njugu zilizosagwa, kitunguu, nyanya na, zikipatikana, uyoga mkavu. Hufungwa kama mfuko kwa ukamba wa mgomba, kisha hupikwa kwa mvuke pole pole kwa muda wa saa mbili au zaidi. Wapishi wengi wa vibandani humwonyesha bibi anayeuliza kwa adabu saa ambazo wateja ni wachache. Huko kwendako kusiko na migomba, bakuli la bati lenye kifuniko lililowekwa ndani ya sufuria ya maji litafanya kazi. Harufu ya jani haitakuwapo, lakini njugu zitakuwa zilezile.

Sasa tuseme lile lisilopendeza. Karibu na kila kambi yuko mama anayewakopesha askari chakula hadi mwisho wa mwezi, naye ana daftari. Mtaji wake ni gunia la makaa, mkungu wa ndizi na debe la maharagwe. Watu watatu wakihamishwa usiku bila kulipa, chungu chake hakipandi motoni asubuhi, na wale waliobaki kambini hunyimwa mkopo kwa makosa ya wenzao. Kwa hiyo mlo wa kwanza wa kuagana uwe kwake, na fedha zitolewe kabla ya sahani kuletwa. Mke asione haya kumwuliza mumewe ana deni wapi. Afadhali swali hilo liulizwe nyumbani kuliko mama yule alifuate lori.

Siku ya safari yenyewe, wanaoelekea mashariki watapita Namawojjolo katika barabara ya Jinja, ambako vijana hukimbilia magari wakiwa na kuku wa kuchoma na gonja tamu. Wanaokwenda Masaka na Mbarara watapata muchomo wa Lukaya baada ya kuvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe. Chagueni mshikaki unaotoka motoni, si ule uliokwisha kuzungushwa kwenye magari kumi. Tena muwe na noti ndogo mkononi, kwa maana dereva hawezi kungoja chenji.