Picha ya Ubongo wa Mjomba

Bila shaka mmepata kumwona mzee aendaye kwa hatua fupi, uso umekauka kama kinyago, na watu husema ana ugonjwa wa Parkinson. Mara nyingi ni kweli. Lakini yako magonjwa mengine ya nadra yanayofanana nao, na mjomba wangu alipatwa na mmojawapo.

Yeye hakutetemeka. Alianguka, tena chali, na kila aliposhuka ngazi alipapasa kwa mguu kama kipofu, maana macho yalikataa kutazama chini. Majirani walinong'ona kuwa ni mlevi, naye tangu kuzaliwa hajaonja pombe! Akapewa levodopa, dawa ya Parkinson, kwa miezi minane, asipate nafuu.

Ndipo daktari wa neva alipotaka picha ya MRI. Mashine hiyo haitumii eksirei. Ni sumaku yenye nguvu sana, umbo lake kama pipa lililo wazi pande mbili. Mawimbi ya redio hupelekwa mwilini, na maji yaliyomo hurudisha ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Saa, funguo na kila chuma huachwa nje. Kelele zake ni za wahunzi, na mgonjwa hana ruhusa kutikisika.

Daktari alituonyesha ubongo kwa ubavu. Ubongo wa kati, ambao kwa mtu mwenye afya umenona, wa mjomba ulikuwa umesinyaa ukachongoka. Sehemu iliyo chini yake, iitwayo ponsi, imebaki nene. Ukitazama waona ndege: kichwa kidogo, mdomo mrefu, kifua kipana. Mimi nilimwona chozi wetu wa mauani. Na humo katika ubongo wa kati ndimo macho yanamoongozwa kutazama juu na chini! Ugonjwa huo, uitwao PSP kwa kifupi, ulielezwa na Steele, Richardson na Olszewski wa Toronto mwaka 1964.

Msidhani picha yatosha peke yake. Ugonjwa unapoanza, ndege huyo huenda asionekane, na uhakika kamili hupatikana kwa hadubini baada ya mtu kufa. Daktari alisadiki kwa kuwa picha ilipatana na macho na kule kuanguka.

Dawa ya kuuzuia haijapatikana. Levodopa ikapunguzwa kidogo kidogo, msalani tukatia vyuma vya kushikia, na wale majirani nikawaonyesha picha. Wakati wa kula, mkewe huweka sahani juu ya kisanduku, mjomba apate kuiona.