Fremu ya dirisha ikiliwa na mchwa: kabla hujaing'oa, angalia inabeba nini

Msikilizaji wetu mmoja wa Maganzo alitupigia simu akitaka kujua bei ya fremu mpya ya dirisha. Ya zamani, alisema, ukiibonyeza kwa kidole inaingia kama mkate. Tulimuuliza swali moja tu: juu ya dirisha hilo kuna linta? Akanyamaza kidogo, kisha akasema hajui, nyumba aliijenga marehemu baba yake.

Jibu hilo ndilo limetufanya tuandike makala hii. Bei tutaizungumza na mafundi hewani, lakini suala la linta haliwezi kungoja.

Linta ni ule mkanda wa zege, au boriti nene, unaolazwa juu ya dirisha ili ubebe tofali zilizo juu yake. Nyumba zetu za zamani za tofali za udongo mara nyingi hazina. Fundi alisimamisha fremu, akaendelea kupanga tofali juu yake, na maisha yakaenda. Kwa miaka yote hiyo mbao ya juu ya fremu ndiyo imekuwa ikibeba ukuta na paa. Ukiing'oa bila kujiandaa, tofali zinaweza kukushukia wewe, au mtoto aliyesimama nje akitazama kazi.

Kujua ni rahisi. Bandua plasta kidogo juu ya dirisha, upana wa kiganja. Ukikuta zege au boriti iliyoingia ukutani pande zote mbili, unayo linta. Ukikuta tofali zimekaa moja kwa moja juu ya fremu, huna. Dalili nyingine ni mbao ya juu iliyopinda katikati, au ufa unaopanda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha.

Kama linta haipo, ukuta usimamishwe kwanza. Fundi hutoboa tundu dogo ukutani juu ya dirisha, hapo palipo imara, anapitisha kipande cha boriti kutoka ndani hadi nje, kisha kila ncha anaiegemeza juu ya mrunda uliosimama kwenye ubao ili usizame ardhini. Dirisha pana linahitaji boriti mbili au zaidi. Hapo ndipo fremu hutolewa na linta kuwekwa. Fanyeni dirisha moja moja, na asilale mtu katika chumba hicho mpaka kazi iishe. Fundi akikuambia hayo ni mambo ya mjini, tafuta mwingine.

Linta inaweza kumwagwa chini uani, ikakaa wiki mbili ikimwagiwa maji, kisha ikapandishwa. Nondo zake zikae karibu na upande wa chini, kwa sababu huko ndiko zege linakovutika likibeba mzigo. Weka alama ya upande wa juu kabla hamjaigeuza, maana ikipandishwa kichwa chini nondo hazina kazi. Kila ncha iingie ukutani angalau sentimita 15.

Sasa turudi kwenye fremu yenyewe. Ushauri mwingi wa madirisha unaosambaa kwenye simu umetoka Pwani. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa adui ni hewa ya chumvi: chuma kinachubuka kwa kutu, hivyo watu wanakimbilia mbao ngumu au aluminiamu. Huku kwetu chumvi ya bahari haifiki. Adui zetu ni mchwa, jua na udongo wa mbuga. Chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu kinadumu vizuri Maganzo, na mchwa hawakili. Kwa maoni yetu, mtu mwenye fedha ya wastani asione aibu kumwendea mchomeleaji wa pale barabarani. Ubaya wake ni joto: dirisha la chuma linalotazama magharibi linawaka jioni, basi liwe na kivuli cha paa.

Ukitaka mbao, jua inatoka mbali. Miti ya Shinyanga ilifyekwa zamani ili kuwaondoa mbung'o, kisha kilimo, kuni na mifugo vikaendelea kuimaliza. Mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulirudisha ngitili nyingi, lakini ngitili inatupa malisho, kuni na fito zaidi kuliko mbao za fremu. Mninga mzuri unaletwa kutoka maeneo kama Tabora na Katavi na una bei yake. Msonobari wa mashamba ya miti kama Sao Hill ni nafuu, ila usipotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Uliotiwa dawa kiwandani huwa na rangi ya kijani kibichi. Seremala akiukata, pale alipokata ndani hapana dawa ya kutosha, kwa hiyo ncha zote zipakwe upya.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kupaka rangi upande unaoonekana tu. Mchwa haji mbele ya macho. Anapanda kutoka ardhini ndani ya udongo wa ukuta na kuingia kwenye fremu kwa nyuma, huko ilikogusana na tofali. Upande huo upakwe dawa na rangi kabla fremu haijasimamishwa, kwa sababu baadaye haufikiki. Oili chafu inachelewesha mchwa kwa muda, lakini inanuka chumbani na rangi haishiki juu yake. Kama ukutani kuna vijia vya udongo vya mchwa, shughulika na mchwa kwanza. Fremu mpya juu ya mchwa wa zamani ni kuwaandalia karamu.

Udongo wa mbuga nao hucheza. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na nyumba inafuata. Kama dirisha lako hukwama masika na kulegea kiangazi, tatizo liko kwenye msingi, na fremu mpya itapinda kama ya kwanza. Elekeza maji ya paa mbali na ukuta kabla hujatumia shilingi kwa seremala.

Kupima: chukua upana juu, katikati na chini, urefu kulia, katikati na kushoto, na utumie kipimo kidogo kuliko vyote. Pima pia kona kwa kona. Vipimo viwili vikitofautiana, tundu lako limekaa upande. Fremu itengenezwe kabla ya ile ya zamani kung'olewa, ili usilale na dirisha wazi. Mwambie fundi aache nafasi ya wavu wa mbu tangu mwanzo, maana wavu unaogongelewa baadaye huacha mianya pembeni. Vyuma vya kushikia fremu viwe viwili au vitatu kila upande, na viingie ukutani kwa zege, si kwa tope.

Muda mzuri ni baada ya kuuza pamba na kabla mvua za Novemba hazijaanza, kuta zikiwa kavu.

Fremu ya zamani iliyoliwa usiitumie kuezekea jiko. Bado inaweza kuwa na mchwa ndani. Ichome. Lakini vipande vya mbao ya kijani iliyotiwa dawa kiwandani visiingie jikoni kabisa: dawa hiyo inaweza kuwa na arseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.